Shukrani kwa mama tuliyepanda naye bajaji kwenda Mikindani

Mama yangu, jina sikukuuliza. Nilikuwa natoka Mtwara mjini na mbwa mzee aliyekatwa mguu wa nyuma. Ahsante sana. Wengi huku hawapendi kuguswa na mbwa, nami nawaelewa, lakini wewe ulisogea akapata pa kulaza kichwa. Tena ukavua khanga uliyojitanda ukanionyesha: ipite chini ya tumbo, mbele ya paja lililobaki, nimwinue kidogo tu anapotembea. "Usimbebe kama gunia, mwache ajifunze."

Ukanisisitizia nitandike mikeka juu ya vigae asiteleze, nimzuie kulamba kidonda, na nisimpe dawa za maumivu za binadamu bila kumuuliza daktari wa mifugo. Hilo la dawa ndilo kubwa, maana majirani walishanitajia vidonge vya kila aina!

Bobi kashatolewa nyuzi. Anafika hadi uani mwenyewe, akichoka analala palepale. Uzee nao upo. Khanga yako ninayo, imefuliwa. Ukipita Mikindani ulizia kwa mwenye mbwa wa miguu mitatu, utaelekezwa.