Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika na mlio zamu.

Nianze na misiba. Tumemzika mzee wetu mmoja hapahapa Oxford, Uingereza, na mwenzetu mwingine tukamsafirisha hadi Mombasa. Michango ilitimia kwa wakati, ahsanteni sana. Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu, nami sitamtangulia. Ila niseme tu kwamba ada ya mwaka hulipwa mwanzo wa mwaka, si wiki moja kabla ya mkutano mkuu.

Sehemu kubwa ya taarifa hii ni baraza zetu za Jumamosi, na mnakumbuka zilianzaje. Mkutano uliopita dada yetu mmoja anayefanya usafi katika maabara za chuo kikuu alisimama akauliza: "Mimi napiga deki jengo lile mwaka wa tisa sasa, kila siku saa kumi na moja alfajiri. Mle ndani wanafanya nini?" Tulicheka, kisha tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu. Jina la Oxford tulilijua tangu shuleni, kwenye jalada la kamusi ile ya TUKI ya mwaka 1981 na kwenye mkebe wa bikari. (Mkebe wenyewe, tumekuja kugundua, haukuwa ukitengenezwa hapa; jina tu ndilo la hapa.) Chuo chenyewe tunakifagia, tunakipikia na kuwauguza watu wake, lakini kazi zake hatuzijui. Kamati ikaamua mwaka mzima tuwe tunaulizana swali la dada.

Baraza la penisilini ndilo lililojaza watu. Wengi tulidhani ni dawa ya Fleming wa London, basi. Kweli Fleming aliiona kuvu ile mwaka 1928, lakini kuifanya iwe dawa ni kazi iliyofanyika hapa na Howard Florey, Ernst Chain na kijana mpole aliyeitwa Norman Heatley. Tarehe 25 Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane bakteria kali, wanne wakawapa penisilini. Heatley alikaa na panya wale usiku mzima, vita vikiendelea, taa zote za mji zimezimwa. Alipoondoka karibu na alfajiri, panya wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote.

Kisha ikaja shida ambayo wenzetu wa wodini waliielewa mara moja: vyombo. Kuvu ile hutaka chombo kipana na kifupi, na wakati wa vita hakuna cha kununua. Wakachukua mabakuli ya kujisaidia wagonjwa kitandani. Umbo lake lilifaa sana, hata vyombo vya udongo vilivyoagizwa baadaye viliigiza umbo hilo. Waliajiriwa wasichana sita kuvihudumia. Mgonjwa wao wa kwanza wa kutibiwa, askari polisi Albert Alexander, alianza kupata nafuu Februari 1941, dawa ikaisha. Walikusanya mkojo wake, wakaupeleka maabara kwa baiskeli, wakachuja penisilini iliyobaki wakamrudishia. Haikutosha, alifariki Machi 15. Mama mmoja muuguzi alikaa akitikisa kichwa: "Yaani walimuona anapona, halafu chupa ikawa tupu."

Nishani ya Nobel ya 1945 ilikwenda kwa Fleming, Florey na Chain. Heatley hakupewa. Chuo kilikuja kumpa udaktari wa heshima wa tiba mwaka 1990, akiwa mtu wa kwanza asiye tabibu kuupata katika historia ya chuo ya miaka mia nane. Kwa maoni yangu walichelewa sana, na wale wasichana sita hata sijui tungewapa nini.

Baraza la malaria lilitugusa vingine, maana humo tulijikuta wenyewe. Mnaoijua kwinini ya dripu hamhitaji maelezo: masikio yanavuma, kitanda kinazunguka, mama kakaa pembeni ameshika chupa ya glukosi. Kati ya 2005 na 2010 watafiti wa hapa, wakiongozwa na Arjen Dondorp na Nick White wa kituo chao cha Bangkok, walilinganisha kwinini na sindano ya atesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Miongoni mwa hospitali zilizoshiriki ni ya Kilifi, ya Korogwe na Teule ya Muheza. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Kwa atesuneti, 85. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza atesuneti iwe ndiyo dawa ya kwanza kwa mtoto mwenye malaria kali. Mwenzetu wa Muheza alisema mdogo wake alilazwa Teule miaka hiyohiyo, akapona, na nyumbani hakuna aliyewahi kufikiri kwamba wodi ile ilibadilisha matibabu ya dunia nzima.

Chanjo ya malaria iitwayo R21 nayo ilibuniwa hapa, katika taasisi ya Jenner ya Adrian Hill, lakini ubora wake umepimwa kwa watoto zaidi ya 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo. Kule Bagamoyo kazi iliongozwa na Dkt. Ally Olotu wa Taasisi ya Afya Ifakara. Ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023 na inatengenezwa kwa wingi India. Magazeti ya hapa yaliandika "chanjo ya Oxford". Nilisema siku ile na narudia kwenye kumbukumbu rasmi: ni ya Oxford, na ni ya Bagamoyo pia. Mtoto aliyechomwa sindano tatu na ya nne baada ya mwaka, na mama aliyekuwa akimrudisha kliniki kila alipoitwa, hao nao wamefanya utafiti.

Baraza la umaskini liligeuka ugomvi, ugomvi mzuri. Kituo cha Sabina Alkire hapa chuoni ndicho kilichotengeneza, pamoja na Umoja wa Mataifa, kipimo cha umaskini kilichotoka mwaka 2010. Hakiulizi una shilingi ngapi, kinauliza unakosa nini: lishe, kufiwa na mtoto, miaka ya shule, mtoto kutokwenda shule, kisha nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na mali za nyumbani. Mambo manne ya mwanzo yana uzito wa sehemu moja ya sita kila moja. Sita ya mwisho, moja ya kumi na nane. Kaya inayofikisha theluthi moja huhesabiwa maskini. Tukachora jedwali kwenye karatasi ya ukutani, kila mtu akapima nyumba aliyokulia. Hapo shangazi mmoja wa Tanga akainuka: "Kwa hiyo mkaa ni umaskini? Mimi maharage siyapiki kwa gesi, hata mnipe bure!" Ikabidi tuhesabu mbele yake: mkaa peke yake hauwezi kumfanya mtu maskini, na hata aliyekosa vyote sita vya makazi ndipo tu anagusa theluthi. Aliridhika kidogo. Mimi nilipima nyumba yetu ya mwaka 1979 nikaona ilikuwa imevuka. Marehemu mama angekasirika kusikia.

Wanyama tuliwapitia upesi, kwa kuwa ukumbi tuliokuwa tumeulipia ulikuwa umepangishwa watu wengine saa ileile, tukahamia sebuleni kwa katibu. Tulijifunza kwamba Iain Douglas-Hamilton alitoka chuo hiki kwenda Manyara mwaka 1965, akawatambua tembo mmojammoja kwa masikio na pembe, akaonyesha kwamba familia zao huongozwa na majike wakongwe. Na Hans Kruuk, mwanafunzi wa Niko Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama wa hapa chuoni, alikesha na fisi wa Serengeti na Ngorongoro akakuta ni wawindaji hodari, na kwamba Ngorongoro mara nyingi simba ndiye anayempora fisi. Ngano zetu zina deni kwa mnyama yule.

Nimeliacha la betri mwisho kwa makusudi. Mwaka 1980 hapa Oxford, John Goodenough na wenzake waligundua kwamba oksaidi ya lithiamu na kobalti hutoa karibu volti nne, na kutokana na hiyo zikaja betri zilizoingia sokoni mwaka 1991, mababu wa betri za simu zilizo mifukoni mwenu sasa. Chuo hakikutaka kugharimia hataza. Haki zikaenda maabara ya serikali pale Harwell, Goodenough asipate kitu. Nobel aliipata 2019, akiwa na miaka 97. Ndugu yetu wa Kolwezi, Kongo, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema kwa utaratibu kwamba kobalti nyingi ya dunia inatoka kwao, kaka yake huichimba kwa nyundo, na kama mgunduzi hakulipwa, basi mchimbaji asubiri foleni gani? Tulikaa na swali hilo hadi ukumbi ukafungwa. Kamati haina jibu la kuwaletea.

Lakini jibu moja tulilipata. Jengo alipofanyia kazi Goodenough liko barabara ya South Parks, na ukutani pana kibao cha buluu kinacholieleza jambo hilo. Dada yetu alipoiona picha ya jengo hilo alishika mdomo. Ndilo jengo lake. Huingia kabla hakujapambazuka, kwa mlango wa nyuma.

Baraza la wakimbizi, juu ya Barbara Harrell-Bond aliyeanzisha kituo cha masomo hayo hapa mwaka 1982 na kuwafuatilia wakimbizi wa Uganda kusini mwa Sudan, liliahirishwa kwa kuwa mzungumzaji aliugua. Litafanyika Machi. La Februari ameliomba dada wa maabara mwenyewe, atueleze jengo lile lilivyo watu wote wakishaondoka.

Sitagombea tena uenyekiti; fomu ziko kwa katibu. Na wenye zamu ya chai wapatane mapema, maandazi yasiletwe tena na watu watatu huku hakuna aliyekumbuka sukari.