Usitupe zile sindano

Lubumbashi, Jumanne usiku

Yaya Bahati,

Jambo sana. Salamu za nyumbani baadaye, maana Kabeya amenionyesha namba zako, anasema unataka kumwaga kila kitu. Usimwage! Ukinzani wa kilo-omu 3 kwenye sindano, yaani kristali nyembamba, ya milimita 1 ya TTF-TCNQ (TTF hutoa elektroni, TCNQ huzipokea, pamoja hupitisha umeme kama metali)? Piga hesabu. Upana mikromita 50, unene 20, upitishaji karibu simensi 500 kwa sentimita: unadaiwa omu 20 tu. Elfu tatu zile ni za viungo vya nyaya, kristali haina kosa.

Tena eti ulitumia gundi ya fedha! TCNQ hunyang'anya fedha na shaba elektroni zake, ikazaa chumvi nyingine palepale kwenye kiungo. Weka gundi ya kaboni na nyaya nne za dhahabu: mbili za nje zipitishe mikroampea 10, mbili za ndani zisome volti. Geuza mkondo, soma tena, toa moja kwa nyingine, gawa kwa mbili, la sivyo joto la viungo litakuchangia mikrovolti ambazo hukuziomba. Voltimita ya mkononi haitoshi hapo.

Ukitaka kukuza kristali nyingine, kuchanganya ni rahisi, molekuli zote mbili zina gramu 204 kwa moli. Pima miligramu 20.4 za kila moja, asetonitrili ya moto mililita 10 kila chupa, unganisha, acha ipoe polepole. Ukiunganisha baridi na haraka unapata nyuzi nyeusi za nano. Nzuri, lakini ukizikandamiza kidonge elektroni zinaruka kutoka uzi hadi uzi, na ukinzani unapanda kadiri unavyopoza. Utaapa si metali. Sindano nzima, ukinzani wake hushuka mpaka karibu kelvini 60, ndipo hupanda ghafla kwenye 54.

Ile mistari ya infraredi… TCNQ mbichi iko kwenye mawimbi 2227 kwa sentimita, iliyopokea elektroni nzima 2183. Yako ikae karibu 2200, maana kila molekuli inapokea elektroni 0.59 tu. Ingepokea nzima, foleni ya elektroni ingekwama, umeme usipite.

Lakini kwanza viungo, Yaya, viungo!

Asetonitrili yenu ni kavu? Kichupa cha TTF kilikaa wazi kwa muda gani? Umeme wa Bukavu unashika usiku kucha siku hizi? Na Mama Neema, goti lake? Nikutumie waya wa dhahabu kwa mkono wa Kabeya, au atausahau tena kwenye begi?

Mdogo wako,
Ilunga