Kusawazisha sauti za santuri

Mjini Unguja

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua yako kutoka Wete nimeipata, na nimefurahi sana kusikia kwamba umeanza kuzihamishia kwenye kompyuta santuri alizoziacha marehemu baba yako. Umeniuliza kwa nini nyimbo nyengine zinatoka kwa sauti ya chini hata maneno hayasikiki, na nyengine zinaumiza masikio.

Tofauti hiyo imo ndani ya santuri zenyewe. Upande wa santuri kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika ukibeba dakika nyingi, mifereji yake hubanana, na ili isiingiliane fundi hulazimika kuichonga kwa sauti ndogo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 yenye wimbo mmoja kila upande ina nafasi ya kutosha, na aghalabu huchongwa kwa nguvu zaidi. Kwa hivyo usihangaike kuzilinganisha wakati wa kurekodi. Rekodi kwa biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi, utakichagua kwenye programu), na uache nafasi ya kiasi cha desibeli 6 chini ya sifuri, yaani chini ya ukomo wa sauti ambao faili linaweza kuubeba, hata pale sauti inapopanda kabisa, kwa sababu sauti inayovuka sifuri hukatwa, na kilichokatwa hakirudi. Kusawazisha kufanyike baadaye, kwenye nakala, na faili la asili libakie kama lilivyo.

Jambo ninalokusihi ulizingatie zaidi ni kutosawazisha kwa kilele, yaani kwa ile nukta moja ambapo sauti imepanda kabisa. Programu nyingi, Audacity ikiwemo, zina amri ya kupandisha faili mpaka kilele chake kifike kiwango unachotaka, na watu wengi huishia hapo. Lakini mkwaruzo mmoja tu hutoa mlio wa ghafla unaoweza kuipita sauti ya mwimbaji, programu ikauhesabu kuwa ndio kilele, na wimbo mzima ukabakia chini kwa ajili yake. Safisha mikwaruzo kwanza, kisha tumia kipimo cha LUFS, ambacho msingi wake ulitolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU) mwaka 2006, na ambacho hupima wastani wa sauti kwa namna inayokaribiana na usikivu wa binadamu. Kiwango cha LUFS −23 kinatosha kwa taarab, kwani kinaziachia fidla nafasi ya kupanda.

Tena, pima upande mzima kabla hujaukata kuwa nyimbo mbalimbali, uupandishe au uushushe wote kwa desibeli zile zile. Chukua upande unaoanza kwa taksimu ya udi peke yake, kisha ukaingia wimbo wenye fidla, kanuni, kodiani na dumbaki: ukisawazisha kila kipande mbali, udi mmoja utasikika mkubwa sawa na kikundi kizima, na huko ni kuharibu kazi ya waliopiga. Sikubaliani hata kidogo na wanaosema kwamba msikilizaji hatambui.

Ama zile santuri nzito za mizunguko 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zina mambo yake. Zinataka sindano nene inayoenea mfereji wao mpana, na zina mvumo mwingi ambao kipimo huuhesabu pamoja na muziki, kwa hivyo hata namba zikiwa sawa, mwimbaji huweza kusikika yuko chini. Hapo sikio ndilo liamue. Ukizipandisha, mvumo nao unapanda. Afadhali uzishushe zile nyengine kidogo zikutane nazo, maana katika biti 24 kushusha hakupotezi kitu kinachosikika. Ukisikiliza zote kwa mfuatano na mkono wako ukawa unakwenda kwenye kitufe cha sauti kila wimbo unapobadilika, rudi upime tena.

Nipelekee mafaili ya santuri mbili za mwanzo, la asili na lililosawazishwa kwa kila moja, kwa mtu yeyote anayekuja na boti, niyasikilize kabla hujaendelea na zilizobakia. Nisalimie watu wote wa nyumbani.

Wasalaam,
Sahibu yako