Mume wangu anangoja deni la kadi life lenyewe

Shikamoo Shangazi,

Mume wangu si mlevi wala mcheza kamari, na nyumbani hatugombani. Shida yetu ni deni la kadi ya mkopo. Mshahara wake ulipopunguzwa alianza kulipa kile kiwango cha chini kinachotakiwa kila mwezi, ambacho karibu chote kiliishia kwenye riba, kisha akaacha kabisa. Siku hizi barua za benki anazitia kwenye droo bila kuzifungua, na namba asiyoijua hapokei. Nikimuuliza ananijibu, "Ngoja wachoke, mama. Deni likikaa sana hufa."

Hawajachoka. Barua nimezifungua mimi. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na ukiisikia hivyo utaiona ndogo. Lakini inajumlishwa kwenye deni, na mwezi unaofuata riba yenyewe nayo inatozwa riba. Nilichukua kikokotoo: kila 100 isiyolipwa inakuwa karibu 143 mwaka ukiisha, na hapo sijaweka faini za kuchelewa. Tena sehemu ya deni ni fedha taslimu alizotoa kwenye mashine kwa kadi hiyo, ambazo zilianza kutozwa riba siku ileile.

Awali walikuwa wakipiga watu wa benki, kwa adabu. Sasa deni liko mikononi mwa kampuni ya kukusanya madeni, na hao adabu wameiacha nyumbani kwao. Jina lake limeshaingia kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo. Tulipoomba pamoja mkopo wa kumalizia nyumba tulikataliwa, ingawa mimi sidaiwi na mtu.

Nisimwonee, kuna mahali ana hoja. Nimesoma kwamba katika nchi nyingi sheria inaweka ukomo wa miaka ambayo mdai anaweza kufungua kesi. Lakini hiyo ni miaka, si miezi, na hakuna kinachomzuia kwenda mahakamani kabla haijaisha. Akipata hukumu anaweza kuomba mshahara ukatwe au mali ikamatwe. Tena mahali pengi ukilipa hata kidogo, au ukikiri deni kwa maandishi, miaka huanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana nilishtuka shemeji yangu aliposema tuwatumie "chochote" ili wanyamaze. Mume wangu alikataa pia, ila yeye ni kwa sababu hataki kulipa kabisa.

Juzi nilipokea simu yao mimi. Yule kijana akasema tukitoa nusu kwa mkupuo mmoja, nusu iliyobaki itafutwa. Nikamwomba barua. Akasema nilipe kwanza, barua itafuata. Nikakata simu. Lakini tangu siku hiyo nusu hiyo haiondoki kichwani, kwa sababu ninayo: ni akiba ya karo ya watoto, iko kwa jina langu, na mume wangu hajui kwamba nimezungumza nao.

Dada yangu ana wazo jingine. Anataka nichukue mkopo wa kawaida kazini kwangu, ambao riba yake ni ndogo mno kuliko ya kadi, nilifute deni lote, kisha mume wangu anirudishie polepole. Kihesabu yuko sawa. Ila mtu asiyefungua barua za benki, atanilipa mimi mkewe?

Shangazi, nishauri. Je, niguse karo wakikubali kuandika barua kwanza, au niende benki yenyewe niulize kama bado wanaweza kulirudisha deni na kulipanga kwa awamu? Je, watakubali kuzungumza nami wakati kadi si yangu? Na nimwambieje mume wangu kwamba nimefungua ile droo, bila kumvunjia heshima?

Mke wa mdaiwa