Kaka, mwanao hakukosea kuhusu mwezi

Kwa Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itawakuta nyote katika afya njema. Fedha ulizoomba nimekwisha kuzituma, kwa hiyo hilo silirefushi. Lililoninyima usingizi ni habari kwamba mwanao alikemewa na Baba Mdogo mbele ya wageni kwa kusema kwamba mwezi haupungui kwa sababu ya kivuli cha dunia. Kaka, mtoto alisema kweli. Aliyelipanda kosa hilo nyumbani ni mimi, kwa kuwa usiku wa kuamkia safari yangu nilimwambia Baba Mdogo kwamba kivuli chetu ndicho kinachoumega mwezi, naye akaniamini kwa sababu nilikuwa nimesoma.

Naomba umsomee haya taratibu. Mwezi hauna nuru yake wenyewe, bali huakisi nuru ya jua, na nusu inayolielekea jua huwa imeangazwa daima, isipokuwa mwezi unapopatwa. Kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo tunachoweza kukiona sisi, kadiri mwezi unavyoizunguka dunia. Ukiwa upande mmoja na jua, uso wenye mwanga unatupa kisogo, nao hauonekani. Ukiwa upande wa pili, dunia ikiwa katikati, tunauona uso wote na kuuita mwezi mpevu. Ndiyo maana mwezi mpevu huchomoza jua linapotua.

Baba Mdogo atauliza ushahidi, na ni haki yake. Siku ya sita au ya saba tangu mwezi uandame, mtoke nje saa kumi alasiri. Mtauona mwezi nusu ukiwa juu, na jua nalo bado linawaka upande wa magharibi. Kivuli cha dunia huangukia upande ulio kinyume na jua, yaani saa hiyo kiko chini ya upeo wa macho, mbali kabisa na mwezi. Sasa ni kivuli gani kilichoifunika ile nusu ya pili? Kivuli cha dunia huufikia mwezi ukiwa mpevu tu, na hata hivyo si kila mara, kwa sababu njia yake imeinama kwa takriban nyuzi 5, hivyo miezi mingi hupita juu au chini ya kivuli hicho.

Nami sikuyatoa haya vitabuni peke yake. Nimeuchora mwezi katika daftari kila usiku usio na mawingu, kutoka mwandamo hadi mwandamo, na hesabu yangu imekubaliana na ya wataalamu, ambao wanasema mzunguko huo huchukua wastani wa siku 29.5. Mwezi hukamilisha duara lake kuizunguka dunia kwa siku 27.3, lakini muda huo dunia nayo huwa imesogea katika njia yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo mwezi hulazimika kwenda siku mbili zaidi ndipo ulikute jua upande ule ule. Siku nilipolielewa hilo nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti changu.

Jambo moja limenihuzunisha. Huku kaskazini hilali husimama kama upinde, ilhali huko kwetu, karibu na ikweta, hulala kama mtumbwi, kwa sababu mahali tulipo juu ya mviringo wa dunia hubadili namna tunavyouona. Mwezi ni ule ule na usiku ni ule ule, lakini kila nikiuona umesimama hivyo nakumbuka kwamba niko mbali nanyi.

Nimemwandikia Baba Mdogo barua yake ya kumwomba radhi, nayo nimeiweka ndani ya bahasha hii. Tafadhali umpe yeye kwanza, kisha umwite mtoto, ili asikie kutoka kwa babu yake mwenyewe kwamba hakukosea.

Ni mimi mdogo wako.