Zamu ya ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), kuanzia Jumatatu

Habari za jioni, wapendwa. Jumatatu tunaanza mafunzo kwa vitendo ICU. Fikeni saa 1:00 asubuhi, kabla wa usiku hawajakabidhi zamu. Makabidhiano ndiyo darasa lenyewe. Kila mmoja atapewa mgonjwa mmoja tu. Kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, kichwa cha kitanda kiwe nyuzi 30 hadi 45, na kufyonza makohozi kusizidi sekunde 15 kwa mara moja. Alamu ikilia, mtazameni mgonjwa kwanza, skrini baadaye. Msiizime tu, jamani! GCS (kipimo cha kiwango cha fahamu) mrudie pia: aliye na mpira kooni hapimwi usemi, mnaandika T (yaani "tube", mpira). Pete na saa za mkononi ziacheni nyumbani. Ambaye hajamaliza chanjo ya homa ya ini B anitafute pembeni leo.