Muuza kanga alipe programu ya simu, tovuti, au daftari?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie jambo ambalo siku hizi haliishi kuletwa dukani kwangu na vijana wenye kompyuta za mkononi na maneno matamu, nalo ni dai kwamba mfanyabiashara mdogo asiye na programu yake mwenyewe ya simu, au walau tovuti, amekwisha kupitwa na wakati. Ninauza kanga na vitenge Kariakoo kwa jumla na rejareja, na dai hilo niliwahi kuliamini kiasi cha kulilipia.

Mwaka 2021 nilimpa kijana mmoja shilingi milioni mbili na laki nne anitengenezee programu. Ilipokamilika ilipendeza kweli: ilikuwa na picha za kanga, kikapu cha manunuzi na sehemu ya kuandika anwani ya mteja, jambo lililonichekesha hata wakati ule, kwa kuwa anwani ya wateja wangu wengi ni jina la basi na stendi watakayosubiria mzigo. Katika miezi minane ilipakuliwa na watu 41, zaidi ya nusu yao wakiwa ndugu zangu na wenye fremu za jirani. Oda zilizopitia humo zilikuwa tatu, na wote watatu walioziweka walinipigia simu baadaye kuuliza kama nimeziona.

Simlaumu kijana yule kwa ufundi wake. Tulilokosea sote wawili ni kutojiuliza mteja wangu hununua vipi. Mwenye duka wa Songea au Kigoma huagiza kwangu mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi miwili, na anapoagiza hutazama picha nilizobandika WhatsApp asubuhi, kisha hunirekodia sauti. Kanga haiulizwi kwa namba ya bidhaa, huulizwa kwa jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake: “Dada, ile ya Japo sipati tamaa sikati ipo ya bluu? Nifungie doti ishirini.” Hapo tunapatana bei, na kupatana bei ni jambo ambalo kikapu cha programu hakilijui, halafu analipa kwa Lipa Namba, na jioni mzigo unakwenda Stendi ya Magufuli, Mbezi, nami namtumia picha ya risiti pamoja na namba ya kondakta. Kumtaka mtu huyo apakue programu, abuni nywila, atumie bando lake na nafasi iliyobaki kwenye simu iliyojaa picha za wajukuu, ili afanye kilekile anachokimaliza kwa dakika tano, ni kumwongezea kazi na kuiita huduma.

Halafu kuna gharama ambayo wauzaji wa programu huinyamazia. Hutaja bei ya kutengeneza, hawataji bei ya kutunza. Ada za akaunti ya kuwekea programu kwenye maduka ya programu si kubwa, maana Google humtoza msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, dola 25 mara moja tu na Apple humtoza dola 99 kila mwaka. Mzigo halisi ni kwamba mfumo wa Android hupata toleo jipya kila mwaka, na Google huwataka wasanidi waziboreshe programu zao ziendane na matoleo ya karibuni, la sivyo programu huacha kuonekana kwenye duka la programu la Google kwa wateja wapya wenye simu mpya. Yangu ilifikia hapo. Nilipomtafuta kijana, namba yake ilikuwa haipatikani, na nilipopata mtu mwingine wa kunisaidia ndipo nilipoambiwa kwamba programu ilisajiliwa kwa akaunti ya kijana yule, si yangu, hivyo sikuwa na uwezo wa kubadilisha hata picha moja. Nilikuwa nimejenga nyumba kwenye kiwanja cha fundi.

Niongeze hapa, kwa kuwa sijasikia muuzaji hata mmoja akilisema, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwekea wajibu kila anayekusanya taarifa za watu, na programu inayodai jina, namba ya simu na mahali alipo mteja inamfanya mwenye duka kuwa mkusanyaji wa taarifa kwa kiwango ambacho pengine hakukikusudia.

Wanaotaka kunishawishi hunitajia kampuni kubwa. Nami huwajibu kwa kampuni kubwa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilikuja kwa menyu ya *150*00#, inayofunguka kwenye simu ya kitochi bila intaneti, na programu yake ya simu janja ilifuata miaka mingi baadaye, wakati watu walikwisha kuizoea huduma yenyewe. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, kwa upande mwingine, ilikuwa na tovuti, programu na mtaji wa kutosha kuiingiza kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo ikafunga biashara yake hapa nchini. Sidai kwamba programu ndiyo iliyoiangusha. Ninachosema ni kwamba programu nzuri haikutosha kuibakisha, na kama haikutosha kwao, mimi mwenye fremu moja niitegemee kwa lipi?

Tovuti ni habari nyingine, na hapa nisingependa kueleweka vibaya. Wifi yangu ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita huko Jambiani, Zanzibar. Mgeni wake anatoka Italia au Ujerumani, hamjui, hana jirani wa kumuuliza habari zake, na anaamua atalala wapi miezi mitatu kabla ya kupanda ndege. Kwa muda mrefu wifi aliwapata wageni kupitia kampuni za nje zinazouza vyumba mtandaoni, ambazo hukata kamisheni ya asilimia 15 na kuendelea kwa kila mgeni. Baada ya kuweka tovuti yake ya kurasa nne tu, yenye picha za kweli, bei, ramani na barua pepe inayojibiwa, baadhi ya wageni waliokwisha kumwona kwenye kampuni hizo walianza kumtafuta moja kwa moja, na wanaorudi mara ya pili karibu wote hufanya hivyo. Kwake yeye tovuti hujilipa, kwa sababu mteja wake ni mgeni anayetafuta kitu cha kumwondolea wasiwasi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kampuni ndogo ya ujenzi anayeomba zabuni, ambaye hujulikana kwanza kwa karatasi kabla ya kujulikana kwa sura, na barua pepe yenye jina la kampuni yake humpa heshima ambayo ile ya bure haimpi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mfanyabiashara ni mteja wake ni nani, anakuja kwa njia gani, na anarudi baada ya muda gani. Programu inamfaa yule ambaye mteja wake hurudi kila siku au kila wiki na kazi yenyewe inahitaji simu, kama vile kuita bodaboda na kufuata inapofika. Saluni, mgahawa, duka la vipuri na fundi cherehani hawamo humo, hata wangetamani.

Wala simshauri mtu ategemee mitandao ya kijamii peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na Mei 2024 intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa baada ya mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom kukatika baharini. Nyakati hizo zote mbili niliuza, kwa kuwa nina daftari. Namba za wateja wangu, miji yao na kanga wanazopendelea nimeziandika kwa mkono, na siku mitandao ilipolala niliwapigia simu za kawaida, nao wakalipa kwa menyu. Zaidi ya daftari, duka langu nimeliweka kwenye Ramani za Google, bila malipo, na nimesajili jina la tovuti lenye .co.tz kwa jina langu mwenyewe, ingawa bado sijaweka kitu humo. Kwa mwaka linanigharimu bei ya doti chache. Siku nikihitaji tovuti, kiwanja kitakuwa changu.

Ombi langu kwa gazeti lenu, na kwa maofisa wanaofundisha vikundi vya wanawake na vijana vinavyokopeshwa na halmashauri, ni kwamba mafunzo ya biashara ya mtandaoni yaanze na mambo haya: utunzaji wa orodha ya wateja, usajili wa jina, na mkataba unaosema wazi akaunti na nywila zitabaki kwa nani. Wiki iliyopita alifika kijana mwingine na bei nzuri kuliko ya yule wa kwanza. Nilimkaribisha, nikamwagizia chai, nikamuuliza akaunti itasajiliwa kwa jina la nani. Alisema atakwenda kuuliza ofisini kwao kisha anipigie. Bado nasubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza kanga na vitenge,
Kariakoo, Dar es Salaam